Kiongozi Aliyekaa Nyuma ya Brezhnev

Siku ile mjinga alikuwa Teodors, na yeye mwenyewe hakatai. Mkute leo dukani akingoja mkate, umwulize, "Teodors, siku ya jina la Bibi Otīlija mjinga alikuwa nani?" atainua mkono kama mwanafunzi anayejua jibu. Anachobishia ni kiasi tu. Yeye anadai alikuwa mjinga wa wastani. Kijiji kinasema hapana, yule alikuwa mjinga wa maandalizi: alinyoa ndevu, akafunga tai, akabeba na nyundo kutoka nyumbani kwake.

Teodors ni mgane, dereva wa lori la magogo aliyestaafu kwa sababu ya mgongo, na alitaka kumwoa Biruta anayeuza katika duka la ushirika. Biruta mwenyewe hakuwa na tatizo. Alikubali tangu msimu wa uyoga, huko msituni, wala hakuacha kuchuma. Alisema tu, "Sawa, lakini mimi simwachi mama, kwa hiyo ni wewe utakayehamia kwetu. Kamalizane naye."

Mama ndiye Otīlija. Alipoambiwa habari za uchumba, hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliuliza swali moja: "Akija, atakaa wapi?"

Nyumba ina vyumba vinne na watu wawili, basi swali halikuwa la kitanda. Kila mtu alijua ni la kiti. Kichwani mwa meza, karibu na tanuri, pana kiti cha marehemu Žanis, baba yake Biruta. Tangu Žanis azikwe hakuna mwanamume aliyekikalia. Kasisi amewahi kukaa kwenye benchi. Mwenyekiti wa kata amewahi kukaa kwenye ndoo. Anayelala pale ni paka, na hata yeye huingia kwa adabu.

Basi Teodors akawa na kazi moja tu duniani: kukipata kile kiti. Akakaa akafikiri kizee kile, Otīlija, kinapenda nini, na jibu halikuchelewa. Kwa miaka mingi amekuwa akimpelekea kuni, na kila akishusha kuni husikia wimbo uleule. "Enzi za Ulmanis, Teodors, siagi ilikuwa siagi. Enzi za Ulmanis mlango ulifungwa kwa kijiti. Enzi za Ulmanis bekoni yetu ilikuwa inaliwa na Waingereza wakisifu." Mwaka wenyewe ndio ule ambapo mji mkuu, Riga, walimsimamishia Ulmanis, kiongozi wa kabla ya Warusi, sanamu, na nchi nzima ilikuwa ikigombana: huyu aliyetuletea uhuru ndiye huyohuyo aliyelifunga bunge usiku mmoja, je, apewe shaba au apewe mgongo? Teodors hakuwa na shaka yoyote. Mwanamume mwenye mchumba hana nafasi ya mashaka.

Sasa bahati, au mkosi, ikamjia kwa mlango wa nyuma. Teodors alikuwa amelinunua jengo la kile kiwanda cha zamani cha maziwa ili aweke trekta. Darini akakuta fremu ya mwaloni, nzito, imechongwa pembeni masuke ya shayiri. Ndani alikuwamo Brezhnev na nishani zake zote. Teodors aliitaka fremu ili aweke kioo cha kunyolea. Akang'oa misumari midogo ya nyuma, akamtoa Brezhnev, na nyuma yake akamkuta Khrushchev akicheka. Akamtoa Khrushchev, akatokea Stalin. Msimamizi wa kiwanda alikuwa bahili. Kila serikali mpya ilipoleta picha, yeye hakununua fremu, aliiweka tu kwenye mapaja ya ile ya zamani. Teodors akamtoa Stalin kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya mkiani. Na pale, safi kabisa, hajaguswa na jua kwa zaidi ya miaka sitini, akakutana uso kwa uso na Kārlis Ulmanis. Kiongozi mwenyewe, shingo nene, macho ya baba anayejua umekula jemu.

Teodors alipiga kelele hata njiwa wakahama dari. Akasafisha kioo kwa vodka, na iliyobaki akajisafisha nayo koo. Akagongelea misumari. Hakuangalia zaidi. Kwake ilikuwa kama mtu anayechimba kisima, kafika majini, achimbe nini tena?

Kila jina lina siku yake kwenye kalenda, na siku ya jina la Otīlija iko katikati ya Desemba. Siku ya jina haina mwaliko: anayekukumbuka anakuja, asiyekuja umeshamjua. Theluji ilikuwa imefika kwenye madirisha. Mezani palikuwa na njegere za kijivu zenye vipande vya bekoni, maziwa ya mgando, na ndani ya tanuri kulikuwa na mkate mtamu wa zafarani, ule uliosokotwa kama fundo. Walikuwapo Biruta na mama yake. Alikuwapo jirani Mirdza, anayeimba kwaya na kulia kwa urahisi. Na alikuwapo Ēvalds, daktari wa mifugo mstaafu, mtu ambaye ukimwambia leo kuna baridi atatoka nje akahakikishe.

Teodors akaingia na baridi yake, mkono mmoja maua saba mekundu, mwingine kitu kikubwa kimefungwa kwenye blanketi.

"Heri ya siku ya jina, mama mkwe!"

"Ya jina nimepokea," Otīlija akasema. "Hilo la mama mkwe rudi nalo mlangoni, ulikung'ute theluji kwanza."

Mirdza akacheka. Biruta akamkonyeza Teodors, yaani tulia, kaa kwenye benchi, kula. Lakini mtu aliyekuja na nyundo hatulii. Teodors alikwenda moja kwa moja ukutani, akashusha saa ya ukutani akailaza kifudifudi kwenye benchi, akapiga msumari wa saa mara mbili kuukaza, akatundika, akavuta blanketi.

"Haya!" akasema.

Vichwa vyote vikageuka. Mirdza ndiye wa kwanza kusema. "Ee Mungu wangu. Kiongozi!" Na machozi hayo.

Ēvalds aliweka kijiko chini. "Biruta, una fundi wa rangi? Maana ukuta huu umeshachafuliwa."

Otīlija alikuwa akitazama, lakini hakuwa akitazama uso. Alikuwa akitazama masuke ya shayiri pembeni. Teodors akaona kizee kimeguswa, na furaha ikampanda kichwani. Akachomoa ua moja kwenye shada, akalichomeka kwenye pembe ya fremu, na yaliyobaki akampa mwenye siku yake kwa kuinama.

Otīlija akayapokea. Akayahesabu polepole kwa kidole. Na hapa ndipo Biruta alipofunika uso kwa aproni, kwa sababu hata mtoto wa chekechea anajua: aliye hai hupewa maua matatu, matano, saba. Mawili, manne, sita ni ya kupeleka makaburini.

"Sita," Otīlija akasema. "Teodors, nimekufa lini? Mbona hawa hawakuniambia, wananikalisha hapa na njegere?"

"Ah! Hapana! Mama! Samahani, nimesahau kabisa..."

Mtu mwenye akili angemnyang'anya Kiongozi lile ua moja akalirudisha. Teodors, jasho linamtoka, alichomoa jingine kwenye shada la kizee akalichomeka tena kwenye fremu. Kizee sasa kina matano, kiko hai. Kiongozi ana mawili.

"Sasa hesabu imekaa," Ēvalds akasema. "Huyo kweli kafa."

Teodors akaiweka nyundo chini. Akatafuta pa kukaa, na mkono wake ukagusa kiti kilichokuwa karibu zaidi. Juu yake palikuwa na mto mpya wa sufu, wenye nyota, aliodhani ni wa paka. Akamnyanyua paka, akamweka chini, akajitupa kitini.

Kilikuwa kiti cha Žanis.

Biruta alifungua mdomo akaufunga. Mirdza aliacha kulia katikati ya kilio. Paka alisimama sakafuni akamtazama Teodors kama karani anayemtazama mtu aliyeruka foleni. Na Teodors, Mungu amsaidie, aliusikia ule ukimya akadhani ni heshima kwa picha. Akaegemea kabisa.

"Basi ndugu zangu," akasema, "nyumba imepata mwenyewe!"

"Mwenyewe yupi?" Ēvalds akauliza. "Huyo wa ukutani, au wa chini ya ukuta?"

"Daktari, leo usianze. Mtu amejenga nchi hii kwa mikono yake. Shule, madaraja, viwanda vya sukari..."

"Kwa mikono yake? Hata kabeji hakupanda, alikuwa na wasaidizi."

"Mwaka wa elfu moja mia tisa kumi na nane, hatuna nchi, hatuna jeshi, hatuna hata viatu, nani alisimama?"

"Alisimama. Nani kakataa? Nazungumzia alivyokaa. Mei ya thelathini na nne, watu wamelala, yeye kalifunga bunge. Asubuhi tunaamka, vyama hakuna, magazeti hayana la kusema, yeye ni waziri mkuu, na miaka miwili baadaye ni rais pia. Nani alimchagua? Kioo chake."

"Hakumwua mtu!" Mirdza akasema. "Hata mmoja!"

"Kweli, hakuua. Mjomba wangu fundi viatu alipelekwa kambi ya wafungwa kule Liepāja kwa kosa la kuwa na kadi ya chama. Alirudi mzima, nakubali. Nashukuru sana, Mirdza."

"Ninyi madaktari wa ng'ombe mna roho ngumu," Teodors akasema, "kwa sababu ya pale mnapoingiza mikono. Waulize watu! Waulize wazee! Muulize mama hapa. Siagi ilikuwa siagi, ndiyo au siyo, mama?"

Otīlija alikuwa akila njegere moja moja. "Siagi ilikuwa nzuri," akasema.

"Umesikia!"

"Hiyo fremu umeitoa wapi?"

"Darini, kwenye kiwanda cha maziwa. Kwanza alikuwamo Brezhnev, mama, nikamtoa. Khrushchev, nikamtoa. Stalin..."

"Ukafika kwa huyu ukaacha."

"Nikaacha. Chini yake kuna nini tena?"

"Endelea," kizee kikasema.

Teodors akacheka kidogo, akitafuta mtu wa kucheka naye, hakumpata. Wala hakuinuka. Kiti kilikuwa kizuri, mto ni laini, na alishaanza kuzoea. Aliyeinuka ni Ēvalds. Akashusha picha kwa uangalifu ili maua yasidondoke, akailaza mezani kati ya njegere na maziwa, akatoa kisu chake cha mfukoni kilichowahi kufungua mambo mabaya zaidi. Misumari ikatoka. Kiongozi akainuliwa, akaegemezwa kwenye birika la kahawa, maua yake mawili mbele.

Chini yake kulikuwa na picha ya watu tisa mbele ya kiwanda cha maziwa. Wamevaa kofia za kila namna. Mmoja kafumba macho. Mwingine kakumbatia chombo cha maziwa kama mtoto mchanga, na anacheka meno yote, kama mtu ambaye ameshinda ugomvi dakika moja kabla ya mpiga picha kuhesabu.

"Huyo wa chombo ni baba," Otīlija akasema. "Kamati ya ushirika. Fremu alichonga yeye."

Biruta akasogea. Hajawahi kuiona sura ya babu yake akicheka. Nyumbani palikuwa na picha yake moja tu, na ndani yake kanuna.

"Kila majira ya machipuko walikuwa wanachaguana kwa kunyoosha mikono," Otīlija akaendelea. "Siku nzima. Wanatukanana, wanasusa, wanarudi kwa sababu kofia wameisahau ndani. Mwaka mmoja walipigana kwa ajili ya mashine ya kutenga krimu. Mimi nilikuwa nakaa chini ya meza na dada yangu, tunaokota vifungo. Halafu baada ya ile Mei akaja bwana mmoja kutoka Riga, na gari. Mpole, nakwambia. Akawashukuru wote tisa. Akamshika baba mkono. Akasema sasa hakuna haja ya kuchoka na kelele, mwenyekiti ni yeye. Akakaa kwenye kiti cha mwenyekiti, akamwomba baba atafute fremu ya kumweka Kiongozi. Akasema, naona ile pale ni nzuri."

"Baba yako akaifanya kazi hiyo mwenyewe?" Mirdza akauliza.

"Kwa mkono wake. Alijifunika uso wake mwenyewe pichani, akagonga misumari, akarudi nyumbani akasema njegere hazina chumvi. Hakusema jingine wiki nzima."

Harufu ya kuungua ilikuwa imeanza kutoka kwenye tanuri. Biruta akageuka kutazama saa, akakuta mahali pa saa ni msumari. Akakimbia. Mkate ulitoka mweusi upande mmoja, na wakati mwingine wowote hilo lingekuwa jambo.

"Lakini mama," Teodors akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "mimi nakusikia kila siku. Enzi za Ulmanis hivi, enzi za Ulmanis vile. Sijayatunga."

"Hujayatunga. Enzi za Ulmanis nilikuwa na miaka tisa, baba na mama wako hai, na magoti hayaumi. Ningekuwa na miaka tisa enzi za Brezhnev, mpaka leo ningekuwa namsifu Brezhnev na nyusi zake. Na hiyo siagi unayoililia, ng'ombe nilimkamua mimi kabla ya shule. Sikumwona bwana yeyote wa Riga akishika chuchu ya pili."

Ēvalds akagonga meza kwa furaha. "Haya basi! Alikuwa mbaya, na yamekwisha!"

"Wewe nawe, Ēvalds, nani kakupa zamu? Nimesema alikuwa mbaya? Baba alimpenda. Kila palipokuwa na kura, alimpigia yeye. Ndiyo maana ilimwuma. Mtu usiyempenda akikufungia mlango, unazunguka dirishani." Kizee kikavuta kahawa yake. "Halafu vifaru vya Warusi vilipoingia, Kiongozi akazungumza redioni. Mimi nabaki mahali pangu, nanyi bakini mahali penu. Sote tulisimama kusikiliza, hata ng'ombe alitulia. Basi, nami nikabaki mahali pangu. Mpaka waliponijia na lori kunipeleka Siberia. Yeye walikuwa wameshamchukua kitambo. Alifia gerezani, huko karibu na bahari ya Kaspi, na mpaka leo hakuna anayejua kaburi."

Mirdza alinyoosha mkono kuyanusuru yale maua mawili yasianguke kwenye maziwa.

"Yaache hapo," Otīlija akasema. "Hayo mawili ni yake kwa haki. Hajawahi kuwekewa."

Hapo mtu mwingine yeyote angeinuka, angembusu kizee mkono, angemrudisha paka mahali pake, akaenda kukaa kwenye benchi akala mkate ulioungua bila kulalamika. Biruta alikuwa akimfanyia ishara za nyusi, ishara za kijiko, ishara za mwili mzima. Lakini Teodors ni mtu aliyeendesha lori la magogo miaka thelathini. Akishika barabara, hata kama inaelekea mtoni, hawezi kurudi nyuma. Alikuwa amebakiwa na hoja moja, ile waliyokuwa wakiitumia kule baa na iliyokuwa haijawahi kumwangusha. Akaegemeza viwiko mezani, kichwani mwa meza, kwenye kiti cha Žanis.

"Sawa," akasema. "Sawa! Nimekubali ya kamati, nimekubali ya Liepāja. Lakini jambo moja, mama, niambie kwa haki. Ulmanis angeitisha uchaguzi mwaka ule, si angeshinda? Watu walimpenda. Baba yako mwenyewe alimpenda! Angeshinda bila kutoka jasho. Sasa kelele zote hizi ni za nini? Kura ingeleta tofauti gani, kama aliyekaa ni yuleyule ambaye angekaa?"

Ēvalds akakunja kisu chake. Mirdza aliitikia kwa kichwa: ni kweli, angeshinda.

Otīlija akafuta mikono yake kwenye aproni. Akamtazama Teodors kuanzia tai. Akautazama ule mto wa nyota, ambao alikuwa ameufuma Novemba nzima kwa macho yake mabovu, na ambao paka, kwa kweli, hakuuhitaji.

"Angeshinda," akasema. "Hata wewe leo ungeshinda, Teodors. Biruta kura moja, mimi ya pili, na paka hakuwa na neno. Sasa nieleze wewe, maana yeye siwezi tena kumwuliza: kilichokushinda kuomba kiti ni nini?"